Umeripoti, lakini hujasajiliwa: namna ya kusoma matangazo ya kufungua muhula

Kuna swali linalozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi, huku kusini mwa Tanzania, kuanzia Tandahimba hadi Nachingwea, kila vyuo vinapokaribia kufunguliwa: "Mtoto si amekwishapata chuo? Sasa hili tangazo la usajili ni la nini tena?" Anauliza mama aliyepiga vigelegele siku majina yalipotoka. Anauliza mjomba aliyeahidi ada mbele ya ukoo. Hata wanafunzi wenyewe, wakiwemo wa mwaka wa pili, wengi hubaki wanatazamana.

Matangazo yenyewe nayo hayasaidii sana. Yameandikwa kwa Kiswahili cha ofisini kilichochanganywa na vifupisho, na ukurasa mmoja unabeba tarehe tano au sita. Mtu husoma tarehe ya juu kabisa, ile ya chuo kufunguliwa, akaikunja simu. Inayomponza huwa iko chini, karibu na muhuri.

Tuanze na maneno manne ambayo watu huyatumia kana kwamba ni neno moja.

Kudahiliwa ni kupewa nafasi. Kwa shahada, udahili unasimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Kwa astashahada na stashahada za vyuo vya kati, msimamizi ni NACTVET, yaani Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, ambalo wengi bado wanaliita NACTE kwa mazoea. Mwombaji wa shahada aliyechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja ana kazi ya ziada: anatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba maalumu ndani ya muda uliopangwa. Asipothibitisha, anaweza kusherehekea nafasi tatu na asiwe na hata moja.

Kuripoti ni kufika. Unashuka stendi, unafika chuoni na begi, unaonyesha barua ya udahili na vyeti halisi, unapokelewa. Umefika, basi.

Kusajiliwa ni chuo kukuandika kuwa mwanafunzi wake kwa muhula huo. Hapo vyeti vimehakikiwa, fomu ya uchunguzi wa afya imerudishwa ikiwa na sahihi ya daktari na muhuri wa hospitali, kiwango cha ada kinachotakiwa kimelipwa na kuonekana, na jina lako limeingia kwenye mfumo likiwa na namba ya usajili.

Kusajili kozi ni hatua inayofuata, na ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Ni kuingia kwenye akaunti yako ya mfumo wa chuo na kuonyesha masomo utakayosoma muhula huo, ya lazima na ya hiari. Kwenye vyuo vya kati utasikia yakiitwa moduli.

Mkulima wa korosho hahitaji maelezo marefu hapa. Gunia lililo barazani kwake ni lake, hakuna anayebisha. Lakini halijapelekwa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, halijapimwa, halijaandikiwa stakabadhi, kwa hiyo mnada ukifanyika gunia hilo halimo. Mwanafunzi aliyedahiliwa, akaripoti, akapata na kitanda hosteli bila kusajiliwa, bado yuko barazani.

Sasa, hili si suala la wapya peke yao. Usajili ni wa kila muhula. Aliyefaulu vizuri mwaka wa kwanza anarudi mwaka wa pili akiamini jina lake limo tayari, kwa kuwa namba ya usajili anayo tangu mwaka jana. Namba haibadiliki, kweli, ila hali ya usajili inaanza upya kila chuo kinapofunguliwa. Kama kuna jambo moja la kumwambia kijana anayepanda basi kutoka Masasi kwenda kuanza muhula wa pili, mimi ningemwambia hilo, na ya nauli tungezungumza baadaye.

Kwa nini vyuo vinang'ang'ania? Kwa sababu karibu kila kitu kinachofuata kinachukuliwa kutoka kwenye orodha ya waliosajiliwa. Mwalimu wa somo akifungua mfumo ili aingize alama za majaribio, anakuta majina ya waliosajili kozi yake. Ofisi ya mitihani inaandaa orodha ya watakaoingia kwenye chumba cha mtihani kutoka humo humo. Ofisa mikopo naye anategemea taarifa hizo. Bima ya afya vilevile. Kijana anaweza kuhudhuria kila kipindi, akafanya majaribio yote mawili, akachangia darasani mpaka mwalimu akamjua kwa jina, na wiki ya mtihani akaambiwa hayupo. Hapo lawama huangukia chuo, na mara nyingine ni haki, maana mifumo hukwama. Lakini mara nyingi tarehe ilibandikwa ubaoni na ikapita.

Muda wa usajili kwa kawaida ni kama wiki mbili tangu kufunguliwa. Kuna kipindi cha nyongeza chenye faini kwenye vyuo vingi, halafu mlango unafungwa. Ukichelewa kwa sababu inayoeleweka, toa taarifa mapema na uwe na kitu cha kuonyesha. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam na Lindi ilikatika upande wa Kilwa na magari yakalala njiani. Sababu ya namna hiyo hakuna chuo kitakachoikataa. "Nilikuwa nasubiri wenzangu waripoti kwanza" ni habari nyingine.

Ada na kalenda ya korosho

Hapa ndipo Mtwara na Lindi zinapotofautiana na Dodoma au Mwanza, na ndipo ninapoona wazazi wengi wanaumia bila sababu.

Mwaka wa masomo wa vyuo vikuu na vyuo vingi vya kati huanza Oktoba au Novemba. Minada ya korosho nayo huanza Oktoba na kuendelea hadi Desemba, wakati mwingine Januari. Ukitazama juu juu, utasema kalenda zimeoana vizuri. Lakini fedha ya korosho haifiki siku mzigo unapofika ghalani. Kwanza mzigo ukusanywe, uingie kwenye mnada wa chama kikuu, iwe TANECU kwa Newala na Tandahimba, MAMCU kwa Masasi na Mtwara, RUNALI kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, au Lindi Mwambao, wakulima waikubali bei, mnunuzi alipe, ndipo fedha iingie kwenye akaunti ya mkulima. Aliyepeleka mzigo mnada wa tatu anaweza kukuta usajili umefungwa. Na iko misimu inayokwenda kombo kabisa: mwaka 2018 Serikali ilipoamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wakulima wengi walisubiri malipo kwa miezi.

Kwa hiyo mzazi akiona kwenye maelekezo ya kujiunga kwamba ada inaweza kulipwa kwa awamu, asome kwa makini ni awamu ngapi na asilimia ngapi inatakiwa kabla ya usajili. Viko vyuo vinavyodai nusu, viko vinavyodai asilimia 60. Chuo hakidai yote siku ya kwanza, ila kile kiwango cha kwanza hakina mjadala. Ni heri kukitafuta mapema, hata kwa kuuza mbaazi za Agosti au Septemba, kuliko kuahidi kitu ambacho kiko mikononi mwa mnunuzi wa mnadani.

Jambo la pili ni gumu zaidi, na halizungumzwi. Muhula wa pili huanza karibu na Machi. Machi huku kwetu mfuko ni mkavu. Korosho imekwisha, fedha yake imejenga ukuta, imelipa deni la dukani, imetoa mahari. Ufuta haujafika mnadani. Huo tunausubiri Mei na Juni. Mvua zinanyesha na shamba linadai palizi. Ndiyo maana utaona wanafunzi wengi wa kusini wanahangaika muhula wa pili kuliko wa kwanza, jambo linalomshangaza mtu wa mbali. Mgawanyo wa ada nusu kwa nusu ni wa haki kwa mwenye mshahara wa kila mwezi. Kwa mwenye mikorosho unamwekea nusu ya pili mahali pabaya kuliko pote kwenye mwaka. Hakuna tangazo linalomkataza mtu kulipa zaidi ya kiwango cha kwanza. Fedha ya mnada wa Novemba au Desemba ikiingia, omba namba ya malipo ya salio lote, ulipe, utunze risiti. Machi ikifika, kijana atahitaji nauli na matumizi tu.

Kuhusu namba hiyo ya malipo. Kwenye vyuo vya umma, iwe Taasisi ya Uhasibu tawi la Mtwara au chuo cha ualimu, malipo hufanyika kwa kontrol namba inayotolewa kupitia mfumo wa malipo ya Serikali ulioanza kutumika mwaka 2017. Ina tarakimu 12. Inalipika benki, kwa wakala, au kwenye simu, na kabla hujathibitisha unaweza kuona unamlipa nani. Vyuo binafsi, Stella Maris cha Mtwara kikiwa kimojawapo, vina utaratibu wake unaotajwa kwenye maelekezo ya kujiunga. Fuata huo na si wa chuo cha jirani. Jambo linalowachanganya watu ni kwamba kila malipo huweza kuwa na namba yake. Ada ina yake, hosteli ina yake, na michango mingine ina yake. Ukilipa fedha ya ada kwenye namba ya hosteli, fedha haijapotea, ila mfumo unaendelea kukuona hujalipa ada, na kuihamisha kunahitaji barua na subira.

Halafu kuna ile mistari ya chini ambayo wazazi huiita "vijihela vya ajabu ajabu". Si vya ajabu. Shilingi 20,000 ya TCU kwa mwaka ni ada ya udhibiti ubora kwa wanafunzi wa vyuo vikuu. Bima ya afya ya NHIF kwa mwanafunzi ilikaa miaka mingi kwenye shilingi 50,400 kwa mwaka. Mwenye kadi ya bima inayotumika kupitia kwa mzazi huenda na nakala yake ili asilipishwe mara mbili. Kuna kitambulisho, kuna mchango wa serikali ya wanafunzi, kuna fedha ya tahadhari ambayo kwa kanuni hurudishwa mwanafunzi anapomaliza bila kuvunja kitu. Wangapi huifuata? Wachache sana.

Bumu

Kama kuna neno linalozalisha uvumi chuoni, ni hili. Bumu ni jina la mtaani la fedha ya chakula na malazi ambayo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu humlipa mwanafunzi mkononi. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 kiwango ni shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 8,500 ya awali, na hutoka kwa awamu. Kwa siku 60 hiyo ni 600,000, hesabu ambayo kila mwanafunzi anaijua bila kikokotoo.

Uvumi wa kwanza unasema mwenye mkopo hadaiwi ada. Mkopo una vifungu. Kuna cha chakula na malazi, kuna cha vitabu na viandikwa, kuna cha mafunzo kwa vitendo, na kuna cha ada, ambacho Bodi hukipeleka chuoni moja kwa moja. Kifungu cha ada si lazima kiwe asilimia mia. Mmoja atapata yote, mwingine sehemu, mwingine hatapata kabisa kifungu hicho lakini bumu anapata. Salio ni la mwanafunzi na mzazi wake, na chuo kitalidai kama kinavyomdai yeyote. Kwa hiyo siku orodha inapotoka, kufurahia kuona jina hakutoshi. Ingia kwenye akaunti uone kifungu kwa kifungu.

Uvumi wa pili: mkopo ukishaupata mwaka wa kwanza, utatiririka wenyewe mpaka umalize. Anayeendelea lazima awe amefaulu kuendelea, matokeo yake yawe yamefika Bodi kutoka chuoni, awe amesajiliwa, kisha asaini fedha inapofika. Ukikosa kusaini ndani ya muda, fedha hurudi. Tangazo la kusaini huwa la siku chache na hubandikwa ghafla, kwa hiyo huu si wakati wa kusafiri kwenda Mikindani kumsalimia shangazi na simu imezimika.

Na wa tatu, kwamba bumu halipo kwa vyuo vya kati. Lilikuwa kweli zamani. Kuanzia 2023/24 Bodi ilianza kuwakopesha pia wanafunzi wa stashahada wa fani zilizochaguliwa, zikiwemo afya, ualimu wa sayansi na ufundi, kilimo na mifugo, nishati, madini na usafirishaji. Wazazi wengi wa mikoa hii wana watoto kwenye vyuo vya afya na kilimo na hawajui kwamba dirisha hilo lipo.

Bumu nalo ni deni. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka liishe. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani, iliyowafanya watu waone deni linakua badala ya kupungua, ilifutwa mwaka 2021.

"Wiki ya kwanza hakuna kitu"

Huu ni usemi wa wakongwe wa hosteli, na una ukweli kidogo, ndiyo maana haufi. Wiki ya kwanza wahadhiri wengi hugawa mpango wa kozi na kuzungumzia vitabu. Lakini mpango huo ndio unaosema majaribio ni lini, yana uzito gani, na kazi ya kikundi inakabidhiwa tarehe ngapi. Vyuo vingi hugawa alama 40 kwa kazi za ndani ya muhula na 60 kwa mtihani wa mwisho, na asiyefikisha kiwango cha chini kwenye zile 40 hata mtihani hafanyi. Mahudhurio ya asilimia 75 nayo huhesabiwa tangu siku masomo yanapoanza rasmi, iwe darasani mna watu watano au mia mbili.

Kwa wapya, wiki hiyo ndiyo ya kuelekezwa: maktaba iko wapi, nani mshauri wa wanafunzi, sheria za hosteli. Wengi huikwepa wakazunguke Shangani, pale Mtwara mjini, kuiona bahari. Halafu Februari wanaulizana sapu ni nini. Basi kwa ufupi: sapu ni kurudia mtihani wa somo ulilofeli, keri ni kulibeba somo hilo mpaka litakapofundishwa tena, na disko ni kuondolewa masomoni kwa sababu ufaulu wako haufiki kiwango cha chini cha chuo. Neno "matokeo ya awali" kwenye tangazo la Machi lina maana kwamba alama hazijapitishwa na kikao cha mwisho, seneti kwa chuo kikuu au bodi husika kwa vyuo vingine, na zinaweza kubadilika. Rufaa ya alama ina siku zake. Zimo kwenye tangazo hilo hilo.

Tangazo la wafanyakazi hubandikwa pembeni ya lile la wanafunzi, na wanafunzi hawalisomi, ingawa linawagusa. Humo mna tarehe ya mwisho ya wahadhiri kuingiza matokeo ya muhula uliopita, mgawanyo wa vipindi, na kwa watumishi wa umma, ukumbusho wa kujaza utendaji kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima kazi za watumishi ulioshika nafasi ya zile fomu za OPRAS. Mhadhiri akichelewa kuingiza matokeo, mwanafunzi hawezi kujua kama anaendelea au anabeba somo, na taarifa yake kwenda Bodi inachelewa. Kwa hiyo bumu linapochelewa kwa darasa moja huku jirani wamesaini, kabla ya kuilaumu Bodi ulizeni kwanza idara yenu.

Nitaje pia kwamba si kila chuo kinafuata haya. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA, Mtwara na Lindi, huanza mwaka Januari na utaratibu wao wa karakana ni tofauti. Chuo Kikuu Huria kina wanafunzi wanaofanya kazi na kalenda inayowafaa. Mzazi mwenye watoto wawili, mmoja VETA na mwingine chuo cha ualimu Kitangali, asitumie tangazo la mmoja kumfukuzia mwingine.

Matapeli wameyazoea majira haya kama sisi. Tangazo la uongo lina nembo nzuri, mara nyingi kuliko la kweli, na mwishoni lina namba ya simu ya mtu binafsi ya kutuma "ada ya kushikilia nafasi" au "hela ya kuharakisha mkopo". Nafasi haishikiliwi kwa kutuma fedha kwenye simu ya mtu, na mkopo hauna wa kuuharakisha. Namba ya malipo izalishwe kutoka kwenye akaunti ya mwanafunzi mwenyewe au itoke ofisi ya uhasibu ya chuo.

Mwisho ni kwa yule ambaye amesoma yote haya na fedha haipo kabisa muhula huu. Wengi huchukua begi usiku wakarudi kijijini kimya kimya, wakikusudia kurejea korosho ikiuzwa. Kwa chuo, huyo ni mtoro, na mtoro huondolewa kwenye orodha. Kuna kitu kinaitwa kuahirisha masomo. Unaandika barua kwa mkuu wa chuo kupitia mkuu wa idara, unaeleza sababu, unaambatisha ushahidi, iwe barua ya serikali ya kijiji au ya hospitali, na unaipeleka kabla muda uliowekwa kwenye kalenda ya chuo haujapita. Mwenye mkopo aende pia kwa ofisa mikopo, kwa sababu malipo husimama akiwa nje na yanatakiwa kufufuliwa atakaporudi. Barua ya ruhusa ikitoka, nakala yenye muhuri ikae nyumbani pamoja na vyeti, maana siku ya kurudi dirishani ndiyo itakayoulizwa kwanza.